Mwalimu si mgeni: chuo kikuu gerezani wakati wa korona

Ndugu wakuu wa magereza, ndugu askari, wahadhiri wenzangu, wazazi na jamaa mliofika, na nyinyi wanafunzi mliomaliza vifungo vyenu mkakubali kurudi kukaa katika ukumbi mmoja na sisi: nawasalimu wote, na nashukuru kwa nafasi hii.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe langu gerezani miaka kadhaa kabla ya korona. Kila Jumanne nilifika langoni, nikapekuliwa, nikaacha simu, nikasaini daftari, nikavuka mageti manne, na saa tatu asubuhi nikawa nimesimama mbele ya wanafunzi 14 wa mwaka wa pili nikifundisha takwimu. Askari wa zamu walinijua kwa jina. Wengine walinidai matokeo ya wanafunzi kabla wanafunzi wenyewe hawajayadai. Machi 2020 likatoka agizo la kufunga lango. Nilipiga simu kuuliza, nikaambiwa wageni wote wamezuiwa. Nikasema, "Na walimu je?" Nikajibiwa, "Walimu ni wageni."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Aliyenijibu hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na karatasi mbele yake yenye mafungu mawili, watumishi na wageni, akaniweka katika fungu lililobaki. Lakini kuwekwa huko ndiko kulikoamua kila kitu kilichowapata wanafunzi wangu kwa mwaka mzima uliofuata, na ndiko nilikokuja kukuzungumzia leo.

Niseme mapema, asije mtu akadhani nimekuja kugombana: lango lilistahili kufungwa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020, mtu yeyote aliyewahi kuingia bwenini gerezani alijua kinachokuja. Watu wamelala bega kwa bega. Madirisha ni membamba na hewa ni moja. Bomba la maji linagombewa na makumi. Duniani kulikuwa na wafungwa na mahabusu zaidi ya milioni 10, na sehemu kubwa yao walikuwa katika majengo yaliyojaa kupita uwezo wake. Wengi waliingia na maradhi tayari: kifua kikuu, VVU, pumu, kisukari, ini. Ukimwambia mtu wa namna hiyo akae mbali na mwenzake, umemwambia jambo lisilo na mahali pa kufanyikia.

Hofu ilitangulia ugonjwa. Nchini Italia, kati ya tarehe 7 na 9 Machi, jamaa walipozuiwa kuwaona wafungwa, ghasia zililipuka katika magereza mengi, na wafungwa 13 walikufa. Buenos Aires, tarehe 24 Aprili, wafungwa wa gereza la Devoto walipanda juu ya paa na kutandaza bango lililosema kwamba wanakataa kufia gerezani. Ni Devoto hiyohiyo ambako Chuo Kikuu cha Buenos Aires kimekuwa kikifundisha ndani ya kuta tangu 1985, kikatoa mawakili na wanasosholojia. Nilipoona picha za paa lile nilijiuliza ni wangapi kati ya waliopanda walikuwa na mtihani wiki ile.

Kisha kuna San Quentin, California, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu mfano huu unatufundisha kitu mahususi. Gereza lile lina chuo kamili ndani yake, ambacho mwaka 2020 kilichukua jina la Mount Tamalpais College. Machi 2020 walimu wake walizuiwa pamoja na wageni wengine wote. Aprili ikapita, Mei ikakaribia kuisha, na gereza likawa bado salama. Mwishoni mwa Mei wakuu wakaamua kuhamisha zaidi ya watu 120 kutoka gereza la Chino, ambako ugonjwa ulikuwa umeshapamba moto, wakawapakia katika mabasi kuwapeleka San Quentin. Wengi walikuwa wamepimwa wiki kadhaa nyuma. Vipimo vyao havikuwa na maana tena siku ya safari. Majira yale ya joto zaidi ya wafungwa 2,200 waliambukizwa. Wafungwa 28 walikufa, na mtumishi mmoja.

Ugonjwa haukuingia na mwalimu. Uliingia na basi la serikali, kwa amri iliyosainiwa ofisini. Sisemi kwamba mwalimu asingeweza kuuleta. Angeweza, kama askari alivyoweza, kama mpishi alivyoweza. Ninachosema ni kwamba kumzuia mwalimu kulionekana kama kinga iliyokamilika, na watu wakiamini kinga imekamilika hawaangalii mlango mwingine.

Sasa niwaeleze kilichofuata kwetu.

Kulikuwa hakuna intaneti kwa wanafunzi. Hili si la gereza letu peke yake. Ndivyo ilivyo katika magereza mengi duniani. Wakati wanafunzi wetu wa nje walipohamia kwenye madarasa ya video ndani ya wiki mbili, wale wa ndani walihamia kwenye bahasha. Tuliandaa kifurushi cha kurasa 40: madokezo, mifano, mazoezi, majedwali. Kiliondoka chuoni kikafika langoni. Langoni kilikaa siku tatu, kwa sababu utafiti wa mwanzo wa mwaka ule ulionyesha kuwa kirusi kinaweza kudumu karibu siku moja juu ya kadibodi na siku mbili hadi tatu juu ya plastiki, na watu wakaiogopa karatasi kama walivyoogopa mkono. Baada ya siku tatu kilikwenda ofisi ya elimu. Afisa elimu alikuwa amepangiwa lindo, kwa sababu askari wenzake walikuwa karantini. Kikangoja zamu yake iishe.

Mwezi Mei nikapokea kazi za kwanza. Katika moja, pembeni mwa ukurasa wa 11, mwanafunzi alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu, kwa nini hapa tumegawanya kwa n toa moja badala ya kugawanya kwa n? Nimerudia mara nyingi. Nisaidie kabla sijaendelea." Chini yake kulikuwa na tarehe. Nikahesabu: swali lilikuwa limesafiri siku 19. Nikajibu usiku uleule, kurasa mbili. Jibu langu lilimfikia baada ya siku nyingine 16.

Siku 35, ndugu zangu. Darasani swali lile ni la dakika tatu. Nina chaki, yeye ana mdomo, naona uso wake ukikunjuka, tunaendelea.

Swali lilihusu kupima mtawanyiko, yaani jinsi namba zinavyotofautiana na wastani wake, na n ni idadi ya namba hizo. Na jibu lenyewe halina ugumu wa kutisha. Wastani tumeupata kutoka katika namba zilezile tunazozipima, kwa hiyo namba hizo hukaa karibu na wastani huo kuliko zinavyokaa karibu na wastani wa kweli ambao hatuujui. Ukigawanya kwa n, mtawanyiko unatoka mdogo kuliko ulivyo. Kutoa moja kunaurekebisha. Au tuseme hivi: ukishajua wastani wa namba kumi, na ukazijua tisa kati ya hizo, ya kumi huna ruhusa ya kuichagua, imeshaamuliwa na zile nyingine. Wanatakwimu wana jina la jambo hili, na ndani ya jina hilo kuna neno uhuru. Nilipofika hapo katika barua yangu kalamu ilisita. Nikaliandika. Kazi yake iliyofuata ilirudi na mstari mmoja pembeni: "Kwa hiyo namba ya mwisho haina uhuru. Hapo nimeelewa kabisa."

Nimeisoma sentensi ile mara nyingi kuliko makala yoyote ya fani yangu.

Mtu anaweza kusema: lakini elimu kwa posta si jambo jipya. Ni kweli, na ina heshima kubwa. Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta na Chuo Kikuu cha London akiwa mfungwa, na shahada yake ya sheria aliipata kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa 1969, kimekuwa na wanafunzi magerezani tangu miaka ya 1970. Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa nchini Uganda, alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa katika gereza la Luzira. Jina lake lilikuwa limeshaingia katika historia kabla ya hapo: kesi aliyoifungua pamoja na mamia ya wenzake waliohukumiwa kifo ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu, Januari 2009, iseme kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji hiari inakwenda kinyume cha katiba. Akatoka mwaka 2016.

Lakini tuitazame vizuri elimu ile ya posta. Vyuo vile viliijenga kwa miaka. Vitabu viliandikwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake, vikikisia maswali yake na kuyajibu humohumo. Kulikuwa na mkufunzi mwenye jina na ratiba, ambaye kazi yake ni kusahihisha na kuirudisha kazi kwa tarehe inayojulikana. Posta ilikuwa chombo tu; nyuma yake alikuwapo mtu anayejibu. Sisi 2020 tulichukua bahasha tukaacha mtu. Tulipiga chapa slaidi zilizotengenezwa kwa ajili ya mhadhiri anayezungumza, tukazituma bila mhadhiri. Nakiri mbele yenu kwamba vifurushi vyangu viwili vya kwanza vilikuwa hivyo. Vilikuwa karatasi za kumfanya mtu ashughulike. Nawaomba radhi wanafunzi waliovipokea, na baadhi yao wapo hapa.

Kuna jambo jingine katika habari ya Mandela ambalo halitajwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakuu wa gereza la Robben Island alikofungwa walipogundua kwamba ameandika kumbukumbu za maisha yake kwa siri, walimwadhibu yeye na wenzake wawili, Walter Sisulu na Ahmed Kathrada, kwa kuwanyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Angalieni wazo lililo chini ya adhabu ile: kusoma ni zawadi, na mwenye zawadi anaweza kuirudisha kabatini. Nina hakika hakuna mkuu wa gereza katika ukumbi huu anayependa kulinganishwa na watu wale, nami simlinganishi yeyote. Lakini wazo lile lilivuka miaka likafika 2020 likiwa zima. Tarehe 13 Machi mwaka ule idara ya magereza ya shirikisho ya Marekani ilisitisha kwa siku 30 ziara za jamaa, na katika tangazo hilohilo ikawasitisha wanaojitolea. Siku 30 zikazaa nyingine. Karibu kila mahali ilikuwa hivyo: chakula kiliendelea, kufua kuliendelea, ulinzi uliendelea, na katika magereza mengine karakana ziliendelea, kwa sababu zilishona barakoa na kuchanganya vitakasa mikono. Darasa lilisimama. Hakuna aliyekaa chini akajadili kama lisimame au la. Halikuwa katika orodha ya vitu vya kujadiliwa.

Hali kanuni zipo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 104 kwamba uwepo utaratibu wa kuwaendeleza kielimu wafungwa wote wanaoweza kunufaika. Kanuni hizohizo zinasema mtu akifungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu mwenzake, hicho ni kifungo cha upweke, na hakifai kuzidi siku 15 mfululizo. Sasa chukueni England na Wales wakati wa korona: wakaguzi wa magereza walikuta wafungwa wakikaa selo wastani wa saa 22 na nusu kwa siku, miezi na miezi. Hawakuwa wamefanya kosa. Wengi walikuwa na mwenzao selo moja, hivyo mwanasheria anaweza kubishana kama huo ni upweke. Lakini maneno "mawasiliano ya maana" yaliandikwa kwa makusudi. Watu wawili waliozungumza kila walichonacho kufikia wiki ya tatu, kisha wakatazamana miezi sita, ni wapweke wawili.

Ndiyo maana nasema darasa lilikuwa mahali pa afya wakati ule, kama zahanati. Mwanafunzi mmoja aliniambia baadaye kwamba aliigawa siku yake kwa namba za mazoezi: zoezi la 1 hadi la 4 kabla ya uji, la 5 hadi la 8 kabla ya wafungwa kuhesabiwa mchana. Yakiisha alianza upya kwa kubadilisha namba. Mwingine alisema penseli ndiyo iliyomtisha zaidi kuliko korona, kwa sababu alikuwa na moja, na haikuwa na wa kuichonga. Haya ni mambo madogo, na sisi tulio nje tunaweza kuyapuuza. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, kifurushi changu cha kwanza kingekuwa na penseli kumi na kurasa chache.

Mara nyingi tukiomba fedha kwa ajili ya masomo haya huulizwa faida yake kwa jamii, na sote tuna jibu mfukoni: taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani mwaka 2013 ilijumlisha matokeo ya tafiti za miongo mitatu, ikaona kwamba wafungwa waliosoma wakiwa ndani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi gerezani, mdogo kwa asilimia 43, kuliko wasiosoma. Namba hiyo naitumia na mimi. Lakini mimi ni mwalimu wa takwimu na sina budi kuwaambia mipaka yake: inahusu elimu ya kila ngazi, wala si chuo kikuu pekee, na wanaojiandikisha huenda walikuwa tayari wana nia ya kubadilika. Watafiti walijitahidi kulisawazisha hilo, lakini halisawaziki lote. Zaidi ya hapo, ninao wanafunzi wenye vifungo vya maisha. Hao hawana pa kurudi wala pa kutoka. Je, wao waachwe? Mwanafunzi wangu bora wa uwezekano, yaani wa somo lenyewe la uwezekano, hana tarehe ya kutoka. Anasoma kwa sababu ana akili na akili inataka chakula.

Vishikwambi vililetwa mahali kadhaa kama jawabu, na naelewa kwa nini. Kishikwambi hakikohoi. Kinabeba vitabu mia. Lakini mahali pengi kilikuja kikiwa kimefungwa kwa kampuni moja, na mfungwa au mama yake akilipia ujumbe au dakika. Na hata kilipotolewa bure, swali langu lilikuwa lilelile la bahasha: nani anajibu upande wa pili, na baada ya siku ngapi? Nikijibiwa vizuri, nakipokea kwa mikono miwili. Kama upande wa pili hakuna mtu, basi tumenunua bahasha ya bei ghali.

Maana kusoma chuo kikuu ni kujibizana. Mwaka 2015 timu ya mdahalo ya wafungwa wanaosoma kupitia Bard College, katika gereza moja la jimbo la New York, iliishinda timu ya Harvard. Watu walishangaa. Nilichokipenda mimi katika habari ile ni kwamba wale wafungwa walikuwa wamejiandaa bila intaneti, wakingoja idhini ya kila kitabu na kila makala, na bado walishinda, kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja wakipingana kwa muda mrefu. Huwezi kujipinga peke yako selo. Unajaribu, lakini unajionea huruma au unajionea ukali.

Hapa nirudi kwa yule wa n toa moja, kwa sababu kuna sehemu sikuwaambia. Lango lilipofunguliwa tena, nikamwuliza alivyosubiri siku 35. Akacheka akasema hakusubiri. Selo ya jirani alikuwapo mzee aliyemaliza shahada miaka miwili nyuma, mwanafunzi wangu wa zamani. Usiku, baada ya hesabu, walizungumza kwa kupaza sauti kupitia madirishani. Mzee alimweleza wiki ileile ya kwanza, kwa mfano wa maharagwe: akamwambia apange mafungu matano, amwambie wastani, kisha amtajie mafungu manne tu, na mzee akalijua la tano. Jibu lilikuwa sahihi. Mstari ule ulionigusa moyo, ule wa namba isiyo na uhuru, kumbe ulitoka dirishani kwa mzee yule, na mwanafunzi aliniandikia kutaka nithibitishe tu.

Basi mwalimu alikuwapo. Mwalimu ambaye hakuna lango lingeweza kumzuia, kwa sababu yuko upande wa ndani. Na sisi hatukumtumia. Hakuna aliyempa karatasi wala nafasi, wala hakuna barua yoyote inayosema huyu ni msaidizi wa mhadhiri. Alipopaza sauti usiku, alikuwa anavunja kanuni ya ukimya, na wiki moja aliandikiwa kosa. Robben Island wafungwa walifundishana katika machimbo ya chokaa, na leo dunia nzima inawasifu. Yetu yalifanyika mbele ya macho yetu, tukayaandika katika daftari la makosa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu, wakuu, ni hilo, na ndilo kubwa. Kila gereza lenye wanafunzi wa chuo liwe na wasaidizi wa masomo walioteuliwa miongoni mwa wafungwa waliohitimu, wanaojulikana kwa askari, wenye ruhusa ya kupita au ya kuzungumza hata siku za kufungiwa, na wenye kutambuliwa na chuo kwa cheti au kwa alama. Mpishi ana ruhusa ya kupita. Mgawa dawa anayo. Haligharimu sana, na linaweza kuanza kesho bila kungoja janga jingine.

La pili ni ile karatasi yenye mafungu mawili. Mwalimu aondolewe katika fungu la wageni. Awekwe pamoja na tabibu na mpishi, apimwe kama wao, achanjwe kama wao, avae barakoa kama wao, na akitakiwa kukaa nje kwa wiki mbili akae, kisha arudi wao wanaporudi. Sisi wahadhiri nasi tutoe ahadi: anayetaka kuhesabiwa mtumishi asikose kufika. Mgeni anaruhusiwa kughairi.

Mengine yanayobaki nayataja harakaharaka. Karatasi za masomo zisisomwe kama barua za mapenzi, zikaguliwe, zipite. Vyuo visimfute mwanafunzi kwa kuchelewa kulikosababishwa na lango. Na wabunge wetu wajue kwamba hata katikati ya giza lile mambo mazuri yaliwezekana: Marekani, iliyowanyima wafungwa ruzuku za masomo za Pell tangu 1994, ilipitisha sheria ya kuzirudisha Desemba 2020, mwezi ambao wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi, na utekelezaji ukaanza Julai 2023. Bunge linaweza kufikiri hata likiwa linaogopa.

Nina jambo moja la mwisho, nalo ni kwa wakuu wa magereza walioko ukumbini.

Hapa mezani mmeona bahasha hii ya kaki. Ndani yake mna kazi tisa za muhula ule wa mwaka 2020. Zote nimezisahihisha, na pembeni ya kila swali lililoulizwa nimeandika jibu. Zilirudi kwangu kutoka langoni zikiwa na mhuri wa "amehamishwa". Wenyewe walitawanywa katika magereza mengine ili kupunguza msongamano, na ofisi niliyoiuliza haikuweza kuniambia ni wapi. Majina na namba zao siwezi kuyasoma hadharani, lakini ninayo kwenye karatasi. Nitabaki hapa mlangoni baada ya hotuba. Yeyote kati yenu mwenye daftari la mapokezi la miezi ile, naomba tukae tulinganishe, nijue nizipeleke wapi.